Kutoka Diani mpaka Ukerewe na parachuti mgongoni

IJUMAA, DIANI

Upepo umekataa. Tangu saa tatu asubuhi tupo hapa Diani, pwani ya Kenya, chini ya minazi tunaangalia soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, imenyooka haishuki, kaskazi inapuliza na inakuja kwa vishindo, mara imetulia mara imeamka, na huo wa vishindo ndio mbaya kuliko upepo mkali unaoenda sawasawa, maana ukiwa mita 20 juu ya ardhi unataka hewa isiyokugeuka. Kanuni za chama cha warukaji cha Marekani, ambazo zinatumika kwenye vituo vingi tu nje ya Marekani, zinasema mwanafunzi haruki upepo ukizidi maili 14 kwa saa, kama kilomita 22 hivi. Sisi wenye leseni hatujaandikiwa kikomo, unajiamulia mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanaumia. Mimi nimekaa. Huu mchezo unachezwa zaidi chini kuliko juu, nasema hivyo kila nikiulizwa na nitaendelea kusema.

Kwa ambao hamnijui, mimi ni fundi maturubai, Mlango Mmoja, Mwanza. Nashona maturubai ya malori, mahema ya sherehe, viti vya daladala. Parachuti nilikutana nazo Dubai, nilienda kushona mahema nikaishia kituo cha kurukia nakunja parachuti za watu, kwa sababu walikuwa wanataka mtu anayejua kitambaa na mwenye subira. Nilikunja muda mrefu sana kabla sijaruka mwenyewe, na naona ndiyo njia nzuri ya kuingia, unaujua mwavuli, yaani kitambaa chenyewe cha parachuti, kwa vidole kwanza.

Leo basi tumeshinda tunakunja tu na kufundishana. Unalaza, unashika kamba kwa mafungu manne, unahesabu seli, vile vyumba vya hewa vya mwavuli (wangu una 9), unaangalia breki zimekaa, unapandisha kile kitambaa cha mraba chenye pete nne pembeni, kazi yake ni kushuka polepole kwenye kamba wakati mwavuli unafunguka ili usifunguke kwa mshtuko ukakuumiza shingo, alafu unaulalia kwa kifua utoe hewa. Kitambaa cha sasa kinateleza balaa, hewa haipenyi kabisa, ukiinuka mapema kinavimba kote unaanza upya. Binti mmoja wa Ukunda anayejifunza hapa ameniuliza, kaka mbona wewe hugombani nacho? Nikamwambia wewe kandamiza taratibu, hewa ikitoka yote ndio uanze kuviringa.

JUMAMOSI, DIANI

Asubuhi shwari. Ndege ya kwanza nimepanda. Haina viti, tunakaa sakafuni tumebanana magoti kwenye mgongo wa mwenzako, mlango ukifunguliwa kwenye futi 10,000 baridi inaingia na kelele inafuta maongezi yote. Kutoka hapo mpaka kwenye futi 4,500 ni kama sekunde 35, mwili umelala kifudifudi unaenda karibu kilomita 190 au 200 kwa saa, na ukweli ni kwamba hausikii unaanguka, unasikia umelaliwa na upepo. Chini unaona mwamba wa matumbawe mstari mweupe umeenda mpaka macho yanaishia, ndani yake maji ya kijani, nje yake bluu nzito. Nikavuta, ukafunguka safi, kimya kikaja.

Kitu ambacho wageni hawakitegemei Diani ni kwamba uwanja wa kutua unabadilika saizi. Maji yakipwa una ufukwe mpana, yakijaa unabaki na ukanda. Kwa hiyo ratiba ya kuruka inaenda na ratiba ya maji, na hilo mtu wa pwani huna haja ya kumwelezea.

Mchana nimefanya somo la maji kwenye bwawa. Leseni ya B, ile ya daraja la pili baada ya A, inalitaka, pamoja na miruko 50. Unaingia bwawani na mikanda yote, wanakutupia mwavuli wa zamani juu ya kichwa ukiwa majini, unatakiwa utoke. Nailoni ikilowa inakulalia usoni, ukivuta pumzi unavuta kitambaa. Mwalimu anasema usipapase ovyo, tafuta mshono mmoja, ufuate huo huo mkono kwa mkono bila kuuacha, mshono lazima uishie ukingoni. Jamani mimi nimeshona maisha yangu yote, mshono naujua gizani. Nikaushika, nikaufuata, nikatokea. Kabla ya hapo kuna mengine, unalegeza mkanda wa kifua ukiwa bado hewani, unaelekea upepo unakotoka, unavuta breki nusu hata kama hujui maji yako umbali gani maana maji hayakupi kipimo kwa jicho, ukishazama miguu ndio unafungua mikanda ya mapajani na unaogelea kwenda mbali na kamba. Kamba ndizo zinaua, sio maji.

Nimelifanya hili somo nikiwaza nyumbani, sio leseni. Nina wazo la siku nyingi kwamba kanda ya ziwa ipate sehemu ya kurukia, hata siku chache tu kwa mwaka, vijana wa kwetu waone. Kwa hiyo safari hii narudi Mwanza kwa barabara, nazunguka ziwa, natafuta pa kutua.

Usiku tumekaa na wale wanaohama na msimu. Kuna watu maisha yao ni hayo, baridi ikiingia Ulaya wanashuka huku au wanaenda jangwa la Arizona, joto likirudi wanaenda Empuriabrava kule Hispania, wanaishi kwenye hema au gari, wanafundisha, wanakunja, wanaruka. Mmoja ametueleza Empuriabrava kuna upepo wa kaskazini unaitwa Tramontana, ukishuka kutoka milimani kituo kinafungwa, watu wanafua nguo. Nimependa sana hiyo habari. Kila mahali kuna upepo wenye jina, na kila mahali wenyeji wanaujua kuliko warukaji.

JUMAPILI NA JUMATATU, NJIANI

Likoni, Mombasa, basi la usiku, Nairobi, basi lingine. Sina la kusimulia zaidi ya altimita yangu ya mkononi, kile kipima urefu cha mrukaji. Niliisawazisha sifuri pale Diani, nikaiacha mkononi. Nairobi ilisoma kama futi 5,500. Baada ya Nakuru tukapanda, tukapanda, Mau Summit ikavuka 8,000, yaani nimekaa kwenye kiti natafuna mahindi ya kuchoma na nipo karibu na urefu ninaotokea mlangoni kwa ndege kule pwani. Jirani yangu, mama mmoja wa Ahero, akauliza hiyo saa yako mbona inaenda vibaya. Nikamweleza. Akaniangalia muda, akasema, "Wewe uko na mama kweli?" Ninaye. Anajua.

JUMANNE, KISUMU

Sindano imeshuka mpaka 3,700 na ikaganda. Ziwa letu lipo kama mita 1,134 juu ya bahari, na huu sio urembo wa jiografia, ni jambo la kufa na kupona kwa mtu anayeruka. Chukua mtu katoka pwani kasahau kuisawazisha altimita, akaruka Kisumu au Mwanza, sindano ikimwambia upo 4,500 vuta, kiukweli amebakiza futi 800. Hapo hata kile kifaa kinachofungua mwavuli wa akiba chenyewe kinakaribia kufyatua, vingi vimewekwa kwenye futi 750 hivi, na nacho lazima ukiwashe pale pale utakapotua kisome presha ya ardhi ile. Jambo la pili, hewa ya huku nyepesi. Mwavuli ule ule, mtu yule yule, unatua kwa kasi zaidi kama asilimia 6 kuliko pwani, na joto la mchana linaongeza tena. Ukizoea Diani, Kanda ya Ziwa itakukimbiza miguu.

Nilienda ufukwe wa Dunga kuangalia maji. Magugu maji yamejaa ghubani, upepo umeyasukuma upande mmoja, kwa mbali unaona shamba la kijani limetulia. Kwa mrukaji huu ni mtego. Ukiwa juu utaliona kama majani ya kutua, ukitua haukanyagi na hauogelei, kamba zinashikwa na mizizi. Kijana mwenye boti kaniambia yanahama, asubuhi yako huku jioni yako kule. Nikaandika: Kisumu hapana, labda mbali na ghuba. Saa tisa radi ikaanza upande wa milima na saa kumi mvua ya mawe imepiga mabati yote, mchezo ukaisha.

JUMATANO, SIRARI

Kwenye mpaka begi langu limekaguliwa vizuri, na sikulaumu, ukiona mikanda ile na vyuma na waya lazima uulize. Afisa upande wetu akauliza, wewe ni komandoo? Hapa kwetu mtu wa parachuti ni mwanajeshi, watu wamewaona kwenye sherehe za Uhuru wanashuka uwanjani na bendera. Nikasema hapana mkuu, mimi fundi maturubai. Akasema hebu nionyeshe.

Nikamwonyesha zile pete tatu za begani, nazipenda kuliko kitu chochote kwenye parachuti. Pete kubwa imeshonewa kwenye mkanda wa mwili. Ya kati imepitishwa ndani ya kubwa ikageuzwa, ndogo imepitishwa ndani ya kati ikageuzwa, na hiyo ndogo imeshikwa na kitanzi cha uzi tu, mnene kidogo kuliko kamba ya kiatu, na kitanzi kimezuiwa na waya laini uliovikwa plastiki. Basi. Uzito wako wote hewani umening'inia hapo, ila kila pete inapunguza mvuto kwa inayofuata, ukifika kwenye uzi umebaki mvuto mdogo sana. Mwavuli mkuu ukiharibika unavuta waya, kitanzi kinaachia, pete zinapinduka moja baada ya nyingine, mwavuli mbovu unaondoka, unafungua wa akiba. Bill Booth wa Marekani ndiye alitengeneza hii miaka ya 1970, kabla yake watu walikuwa wanahangaika na vifungo viwili mabegani. Nikamwachia afisa avute mwenyewe. Zikafunguka, tk tk tk. Akaita wenzake wawili waje waone, nikazifunga tena, na mwingine naye akavuta. Nimechelewa basi, nimepanda hiace mpaka Tarime, lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Wale watu wameelewa.

ALHAMISI, MUSOMA MPAKA MWANZA

Musoma nimelala kwa shemeji, asubuhi nimepita ufukweni, upepo saa nne tayari unavuma, nyumba zimekaribia kila mahali. Kanuni inataka mwanafunzi na mwenye leseni A atue mita 100 mbali na kitu chochote cha kumuumiza, nyumba, nyaya, miti, na wenye B na C mita 50. Chukua hiyo mita 100 upande wa kulia na kushoto uone ni viwanja vingapi vinabaki. Viwanja vya mpira vya vijijini vyote vinakufa hapo hapo, mwembe upo kwenye kona ya goli.

Bunda, alafu Lamadi. Tambarare nzuri ya kutamanisha, anga kubwa, ziwa hapo hapo Ghuba ya Speke. Lakini ni mlango wa Serengeti, geti la Ndabaka liko barabarani kabisa, na siwezi kumshusha mtoto wa mtu sehemu ambayo tembo anapita usiku. Kuanzia pale mpaka Magu ni majaruba ya mpunga, dereva akanisaidia kusimama nikashuka kuangalia shamba lililovunwa. Kutoka juu ungeapa ni zulia. Ukisimama ndani kuna matuta kila hatua chache, magumu, ya kutegua kifundo cha mguu. Hapana.

IJUMAA, MWANZA

Nyumbani. Mwanza mjini hata siongei, majabali kila kona, huo ndio uzuri wetu na ndio sababu haiwezekani. Nilipanda juu Isamilo jioni, mwewe wanazunguka juu ya mawe bila kupiga bawa, maana jiwe limeshika joto la mchana na hewa inapanda. Hewa inapopanda pembeni yake inashuka, mwavuli ukiingia hapo karibu na ardhi unakunjika. Uwanja wa ndege uko Ilemela na ndege za abiria zinashuka pale, bila kibali cha mamlaka ya anga na bila mnara kukujua hauwezi hata kufikiria.

Ila juu ziwani niliona nguzo za vijidudu, zile nyeusi zinazopanda juu ya maji, tatu, na zote zimeinama upande mmoja. Hizo ni soksi za upepo za bure, zinakuonyesha hewa ya mbali ambayo kwenye ufukwe huisikii.

Jioni nimefungua ofisi nikashona soksi ya ukweli. Turubai halifai, zito, upepo mdogo hautalinyanyua, nimechukua nailoni nyepesi ya rangi ya chungwa, nikakata vipande vinne vinavyoenda vikipungua, mdomo nikauzungushia waya, mshono nimeulaza mara mbili kwa sababu upepo unachana kitambaa kuanzia kwenye mshono na sio katikati. Mke wangu akauliza ni oda ya nani. Nikamwambia ya baba mdogo, Ukerewe.

JUMAMOSI, UKEREWE

Meli mpaka Nansio ni masaa kama matatu. Nilivaa jaketi la kuelea mwanzo mwisho, watu wa huku hawashangai tena, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara hapo ng'ambo Septemba 20, 2018, wakafa zaidi ya watu 220, na kila mtu kwenye meli hii ana jina analolijua. Shangazi yangu mmoja hanikatazi angani, ananikatazaga maji. Na mwongozo wa warukaji unasema hivyo hivyo, ukiruka ndani ya maili moja ya maji ya kuzamisha mtu uwe na kifaa cha kuelea mwilini. Mimi ningeongeza boti yenye injini inayowaka, tayari majini kabla ndege haijapaa.

Baba mdogo anavua dagaa. Sasa hivi mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo yupo nyumbani anashona nyavu. Nikamwamkia, tukakaa, nikamuuliza upepo. Hakunijibu haraka. Akasema, mwanangu, mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu unaenda ziwani, na huo wa usiku ukikutana na wa upande wa pili katikati ya maji ndipo mawingu yanasimama na watu wanapotea. Katikati ya zamu hizo mbili, asubuhi, kuna kimya. Nikauliza kimya kinakaa muda gani. Akasema inategemea, kiangazi kirefu, mvua zikikaribia kifupi, na asubuhi ambayo radi ilipiga usiku usikiamini.

Nimekaa kwenye madarasa ya hali ya hewa ya warukaji Dubai, kwa mchoro na projekta, maji yanachelewa kupata joto, nchi kavu inawahi, hewa inafuata. Ni yale yale aliyoniambia huyu mzee, isipokuwa yeye amenipa na saa.

JUMAPILI, UKEREWE

Alfajiri tumetembea mpaka Rubya. Mchanga upo, mpana kiasi, lakini msitu wa kupandwa umesogea nyuma yake, upepo wa kutoka nchi kavu utapita juu ya miti na kuchafuka kabla haujafika chini. Baba mdogo akasema kuna sehemu nyingine, akanipeleka kwa miguu, malisho ya ng'ombe yaliyoachwa wazi juu kidogo ya maji, hakuna nyaya, mwamba mmoja tu upande wa kusini. Nilipima kwa hatua kutoka kwenye mwamba. Mita 100 inatoka na zinabaki nyingine. Nilisimama pale moyo unanienda mbio kuliko mlangoni kwa ndege.

Hatukuongea mambo makubwa. Tulitafuta mti mrefu mnyoofu, tukaufunga soksi, tukausimamisha mbali na mwamba. Saa mbili asubuhi imelala kabisa. Binamu yangu mdogo, yupo kidato cha pili, nimempa daftari, kila siku saa moja, saa nne, saa nane na saa kumi na mbili aandike imelala, imeinuka nusu au imenyooka, na inaelekea wapi. Baba mdogo akamwambia ukikosa siku moja useme umekosa, usibuni. Hiyo sikumfundisha mimi.

JUMATATU, MWANZA

Oda mbili za maturubai zimenisubiri, la fuso na la hema la msiba, nimeshona tangu asubuhi. Saa tisa dogo kanitumia sauti WhatsApp: saa moja imelala, saa nne imeinuka nusu inaelekea kijijini, saa nane imenyooka, ng'ombe mmoja amejikuna kwenye mti lakini mti umesimama. Nimemwambia azungushie miiba pale chini.

Nahitaji daftari hilo mwaka mzima, masika na kiangazi, kabla sijampelekea mtu yeyote wa anga wala mwenye ndege. Kesho naenda Kirumba kuongea na jamaa mmoja fundi wa boti kuhusu injini ya kukodi.